Kizungu Kilichokwama Kwenye Salamu

Haya, nitacheka mwenyewe kabla hamjanicheka, maana aibu hii nimeikalia miaka mingi, na leo mmeniona nimesimama mbele ya hiyo redio mpya ya kufunzia mkaanza kunong'onezana kwamba Mwalimu Fatuma aogopa redio. Siogopi redio. Nilichokuwa nikifanya (na kicheko chenu nimekisikia, msidhani masikio yangu yamezeeka) ni kungoja nione kama itakwama. Nina haki ya kungoja, mashoga zangu, walimu wenzangu. Mimi ni mtu niliyewahi kufunzwa Kizungu na mashine, nikaenda kukisema mbele ya umma, mbele ya mabwana na mabibi na memsahibu wa Kizungu mwenye kofia ya maua, na kwa miaka sikuweza kupita vichochoro vya mtaa wetu wa Kuze bila watoto kuniita jina ambalo nitawatajia huko mbele, kwa shingo upande.

Ilikuwa miaka ile ya arubaini, vita vimekwisha juzi juzi tu, sukari bado ya kupangiwa foleni. Nilikuwa msichana mdogo, buibui sijavaa, lakini nilikuwa nakaribia, na siku hizo kwetu ukikaribia buibui umekaribia na kufungiwa mlango, maana msichana akishapevuka hutiwa ndani, basi, skuli imekwisha, kilichobaki ni kungoja mume. Mama alikuwa amefariki nikiwa mchanga hata uso wake siukumbuki. Nikalelewa na Baba, aliyekuwa fundi wa kushona kanzu, na Bibi, mamake Baba, ambaye miguu yake ilikuwa imechoka lakini ulimi bado mzima kabisa.

Baba alitaka nisome mpaka niwe mwalimu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini hilo alilisema kila mara, sindano mdomoni, kama mtu anayesema na kitambaa. Sasa tatizo lilikuwa Ami Seif, kakake mkubwa, ambaye ndiye mwenye kauli katika ukoo wetu (na alikuwa na uso mkavu huyo mzee, Mungu amrehemu, watu walisema meno yake aliyewahi kuyaona ni daktari peke yake). Alikuja nyumbani jioni moja, akakaa, akanywa kahawa yake yote kwanza, kisha akamwambia Baba:

"Huyu mtoto amekuwa. Wamsomesha iwe nini?"

"Iwe mwalimu, kaka."

"Mwalimu wa nini? Kusoma ashajua, kushona ashajua."

"Wa Kizungu," Baba akasema, na nadhani lilimtoka tu, maana Kizungu yeye hakijui na mimi sikijui. Skuli yetu ya wasichana ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kukifunza, na tulichofika ni gudi moning na sidauni.

Ami Seif akatikisa kichwa polepole. "Vyema. Siku ile memsahibu mkaguzi atakapokuja kuitazama skuli, huyu na asimame aseme hicho Kizungu mbele ya watu. Memsahibu akimsifu, na asome hata azeeke. Asipomsifu, atiwa ndani, na maneno haya tusiyarudie tena."

Baba akakubali. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na Bibi, nimelishika pazia kwa mikono miwili, kwa sababu nilikuwa naipenda skuli, naipenda kweli, nilikuwa naipenda hata harufu ya chaki, na nikawaza nikifungiwa ndani nitakuwa nikiwasikia wenzangu wakipita asubuhi kwenda skuli nami niko dirishani nachambua mchele.

Basi ndipo kinanda kilipoingia nyumbani. Tulikuwa na jirani Mhindi aliyekuwa akihamia mtaa wa Ganjoni, na katika vitu alivyoona havifai kubebwa kilikuwamo kinanda cha santuri, kile cha kutiwa ufunguo kwa mkono kama saa ya ukutani, akampa Baba kwa kuwa Baba ndiye aliyewashonea wanawe nguo za arusi. Kilikuja na sahani moja tu, na sahani yenyewe si ya nyimbo, ni ya kufunzia Kizungu. Kitabu chake cha maelezo kilikuwa kimeliwa na mchwa. Spiringi yake ilikuwa imechoka. Lakini Baba alikibeba kichwani kutoka kwa jirani mpaka kwetu akitabasamu njia nzima, na alipokiweka juu ya mkeka alikifuta vumbi kwa shuka yake mwenyewe. "Mamangu," akaniambia, (Baba akinipenda sana siku hiyo huniita mamangu) "mwalimu wako amekuja."

Na hapa ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulionitia katika makubwa. Baba alisema tumwambie mwalimu wangu, Bi Zuhura, tuna kinanda kama hiki, pengine atatuelekeza. Mimi nikasema, "La, Baba, tusimwambie. Tumshangaze." Tumshangaze! Nikilikumbuka neno hilo najipiga kofi la paja mpaka leo.

Tukatia ufunguo, tukaweka sindano, na mwanamume mmoja mwenye sauti nzito akaanza kusema ndani ya pembe ya kinanda. Bibi kusikia sauti ya mwanamume asiyemjua ndani ya nyumba yake, alivuta leso akajitanda kichwa, akajikokota mpaka nyuma ya pazia. Yule bwana akasema, "Gudi moning, madamu. Hau du yu du?" Kisha akasema tena, "Hau du yu du?" Na tena. "Hau du yu du? Hau du yu du? Hau du yu du?" Akawa hamalizi, mpaka Baba aliposukuma mkono wa kinanda kidogo kwa kidole, ndipo akaendelea na maneno mengine.

Mimi sikuwa mjinga kiasi hicho. Nilikuwa nimeshasikia santuri kwenye maarusi, nikasema, "Baba, mbona kama imekwama?"

Bibi akanijibu yeye, huko huko nyuma ya pazia. "Imekwama nini? Nyimbo ndizo hukwama. Huyu ni mtu, yuwasalimu! Yuwakuuliza wewe, yuwamuuliza babako, yuwaniuliza mimi niliye huku ndani, yuwawauliza wagonjwa na waliosafiri. Nami miaka yote nikidhani Wazungu hawana adabu." Kisha akapaza sauti akamjibu, "Hatujambo, bwana, alhamdulillahi, sote hatujambo!"

Sasa niambieni, nyinyi mngefanyaje? Nyinyi mwajua salamu za kwetu. Mtu akikuuliza hujambo mara moja akaondoka, siku hiyo nyumba nzima hukaa kujiuliza tumemkosea nini. Lazima aulize hali, aulize wa nyumbani, aulize habari za tangu jana, na akimaliza aanze tena kidogo kwa kuonyesha mapenzi. Kwa hiyo maneno ya Bibi yaliingia akilini vizuri sana, yakakaa. Hata Baba akayaongezea yake. Akasema bila shaka kwa Wazungu mgeni huendelea kusalimu mpaka mwenyeji ampe ishara kwamba zatosha, na hicho kidole chake ndiyo ishara. Tulipotaka kuipumzisha spiringi tukawa tunajizoeza bila kinanda, mimi nasimama katikati ya chumba nasema hau du yu du, hau du yu du, mpaka Baba anigonge begani kwa kidole, ndipo nasonga mbele.

Maneno yaliyofuata hatukuyajua maana, lakini hilo halikutusumbua. Chuoni kwa mwalimu wetu wa dini tulikuwa tumehifadhi sura nyingi kabla ya kufunzwa maana hata moja, na maana zilikuja baadaye kwa wakati wake, kwa hiyo kuhifadhi kitu kwa sikio ilikuwa ndiyo kazi niijuayo. Mahali pengine yule bwana wa sahani alisema, "Izi yo hasbandi ati homu?" Bibi akashtuka. "Mwamsikia? Ati ana homa! Nimewaambia yuwauliza wagonjwa." Tukakubaliana kwamba Hasbandi ni jina la huyo mwenye homa, na Bibi akanifunza niliseme kwa huruma, nishike tama, maana si adabu kumuulizia mgonjwa kwa uso wa kucheka. Mwisho kabisa yule bwana alikaribishwa chai, akasema, "Zenki yu, ti wizi miliki," yaani ahsante, chai ya maziwa, lakini hayo niliyajua ukubwani. Hapo Bibi aliuliza nani kaiba, lakini hatukupata jibu, tukaliacha.

Na kulikuwa na jambo jingine. Kwa vile spiringi ilikuwa dhaifu, karibu na mwisho wa sahani sauti ya yule bwana ilikuwa ikishuka, ikishuka, ikawa nzito ikaburura, wiiizi miiiliii, mpaka Baba aushike mpini auzungushe mbio, na hapo sauti ikapanda tena juu, ikamaliza. Mimi nilidhani hayo ni madoido ya lugha. Msomaji mzuri si hushusha sauti akaipandisha? Nikayahifadhi na hayo.

Lakini niseme ukweli, zile asubuhi nilizipenda kuliko kitu chochote. Baba alikuwa akirudi kutoka msikitini alfajiri, badala ya kwenda kufungua duka anakaa nami mkekani, nyuzi bado zimemshika ndevuni tangu jana, kidole kimoja juu ya mkono wa kinanda na mkono mwingine kwenye mpini, na midomo yake ikifuatisha pamoja nami. Nilipokosea alikuwa akirudisha sindano mwanzo kwa upole kama anayemlaza mtoto. Sijapata mwalimu mwingine aliyenifunza kwa subira ile, na hakuwa akijua hata neno moja la alichonifunza.

Siku ikafika. Uani kwa skuli kulipangwa viti, wanaume upande huu, wanawake upande ule nyuma ya kitambaa. Bibi alibaki nyumbani kwa ajili ya miguu. Ami Seif alikaa mstari wa mbele, bakora baina ya magoti, amevaa kanzu aliyoshonewa na Baba mwenyewe. Baba alisimama nyuma ukutani kwa vile mafundi hawakai mbele. Memsahibu akaja kwa motokaa yake kutoka Kizingo, walikokaa Wazungu, mwanamke mrefu, wa makamo, kofia yake ina maua ya kitambaa, na akakaa akatabasamu kwa kila mtu hata kwa paka aliyekuwa akipita.

Mpango wa Bi Zuhura ulikuwa tuseme gudi moning sote pamoja, tuimbe, tuonyeshe mashono yetu, tumalize. Tukasema gudi moning. Memsahibu akaitikia. Na kabla wimbo haujaanza mimi nikanyoosha mkono. Bi Zuhura akanitazama kwa macho ya "wewe, una nini?" lakini Ami Seif alikuwa amekohoa na watu wote walikuwa wamegeuka, ikabidi aniite mbele.

Nikaenda. Nikasimama mbele ya memsahibu, nikavuta pumzi, nikaiteremsha sauti mpaka tumboni (maana mwalimu wangu alikuwa mwanamume mzito, na nilidhani Kizungu ndivyo kinavyotoka), nikasema:

"Gudi moning, madamu. Hau du yu du?"

Watu wakashangaa, nikasikia "mashallah" kutoka upande wa wanawake. Memsahibu akafurahi, akainamisha kichwa akajibu, "Hau du yu du."

Sasa, mashoga zangu, hapa ndipo penye balaa lenyewe, ambalo nililijua nikiwa mtu mzima. Salamu hii ya Wazungu jibu lake ni hiyo hiyo. Ukiulizwa hau du yu du, nawe wasema hau du yu du, mmemaliza. Lakini mimi nilisikia memsahibu ameanza kuulizia watu wa kwetu, na mtu wa kwetu Kuze haachwi nyuma kwa salamu. Nikasema tena, "Hau du yu du?" Naye, kwa adabu, akajibu, "Hau du yu du." Nikasema, "Hau du yu du?" Akajibu. Nikawa namuuliza wa nyumbani, naye anajibu. Namuuliza wazee wake, anajibu. Namtazama mkono nione kama atanipa ishara ya kwamba zatosha, na hatoi ishara yoyote, mikono ameikunja mapajani, anainamisha kichwa tu, na maua ya kofia yanainama naye. Nikawaza huyu kumbe ana jamaa wengi. Tukaendelea. Watu mwanzoni walinyamaza kwa heshima, kisha nikasikia kikohozi, kisha mtu akaguna, kisha watoto wenzangu nyuma yangu wakaanza kuhesabu kwa kunong'ona. Nilitaka kuacha lakini sikujua mlango wa kutokea, kwa sababu maneno yaliyofuata kichwani mwangu yalikuwa ng'ambo ya kidole cha Baba, na bila kidole hayaji.

Baba alikuwa ameshaelewa kabla yangu. Nilimwona kwa pembe ya jicho akijitoa ukutani, akapita baina ya viti akisema "samahani, samahani, bwana, nipisheni," akafika mbele mbele ya umma wote ule, mtu ambaye hata kwenye maarusi hukaa karibu na mlango, akanigonga begani kwa kidole.

Nami nikafunguka. "Iti izi e fain dei!" nikasema kwa sauti kubwa, na uani kote watu wakaangua kicheko. Nilidhani wamefurahi kwamba nimevuka. Nikaongeza bidii. Nikashika tama, nikaweka huruma yote aliyonifunza Bibi, nikamwinamia memsahibu nikamuuliza polepole, "Izi yo hasbandi ati homu?"

Memsahibu akawa mwekundu mpaka shingoni. Karani mmoja wa forodhani, aliyejua Kizungu, akashindwa kujizuia akawatafsiria wenzake kwa sauti iliyofika barabarani: "Jamani, yuwamuuliza mumewe yuko nyumbani!" Na memsahibu wa watu hakuwa ameolewa, jambo ambalo mji mzima ulilijua isipokuwa mimi. Hapo hata upande wa wanawake kitambaa kilianza kutikisika.

Mngedhani ningekoma. Sikukoma. Aliyehifadhi hukomea mwisho, na mwisho ulikuwa bado. Nikaingia kwenye chai. "Zenki yu," nikasema, "ti wiiizi miiiliii," na sauti yangu, masikini, ikaanza kushuka kama ilivyofunzwa, ikashuka, ikawa nzito, ikaburura chini ya viti vya watu, nami nikaiacha ishuke nikingoja. Na Baba aliyekuwa amesimama kando yangu, wallahi hakukusudia, mkono wake wenyewe tu kwa mazoea, ukainuka hewani ukaanza kuzungusha mpini usiokuwapo. Nilipouona ukizunguka, sauti yangu ikapanda juu, ikamalizia, "-ki!"

Basi tena. Watu waliacha kukaa kwenye viti. Bi Zuhura aligeukia ukuta. Karani alikuwa amemkumbatia mtu asiyemjua. Na Ami Seif (sikilizeni hili), Ami Seif wa uso mkavu, bakora ilimponyoka ikaanguka, akafunika uso kwa kilemba, mabega yakawa yanapanda na kushuka, na alipouinua uso meno yake yote tuliyaona, yalikuwa mazuri, machozi yanamtiririka.

Ndipo nilipoelewa. Si maana ya maneno, hayo bado, lakini nilielewa kwamba tumechekwa, mimi na Baba, na kwamba skuli yangu imekwisha hapo hapo nilipokuwa nimesimama. Nikalia. Baba akanivuta akanificha kwenye kanzu yake, akamwambia Bi Zuhura, "Tafadhali mwambie memsahibu mtoto hana kosa. Alifunzwa na kinanda, na aliyekuwa akikisukuma ni mimi. Akiwa ameudhika, na aniudhikie mimi."

Bi Zuhura akatafsiri, huku akijifuta macho. Memsahibu akasikiliza mpaka mwisho, akauliza hili na lile kuhusu kinanda, kisha akasema maneno marefu. Bi Zuhura akatuambia, "Asema hajaudhika. Asema mtoto ana sikio zuri mno, na hajui hata neno moja. Asema aanze upya, tangu alifu, na safari hii afunzwe na mtu." Kisha Bi Zuhura akaniinamia, na hilo aliniambia yeye mwenyewe, si memsahibu: "Kwa nini hukuniuliza, mwanangu? Mimi nilikuwa hapa hapa."

Nikalikumbuka lile neno langu, tumshangaze. Na maneno ya memsahibu hayakuwa sifa, maana kusifiwa sikio si kusifiwa Kizungu. Ami Seif alisema asipomsifu, na hakuwa amenisifu.

Tulirudi nyumbani watatu, Ami mbele, Baba amenishika mkono nyuma. Na kwenye kona ya kwanza tu ya Kuze habari zilikuwa zimeshatutangulia, watoto wakapiga kelele, "Bi Hauduyudu! Bi Hauduyudu!" (Jina lenyewe ndilo hilo. Nimelitaja, na atakayelileta ofisini hapa tutakosana.) Baba alinikaza mkono akaongeza mwendo. Tulipofika mlangoni Ami Seif akageuka, na Baba akainamisha kichwa kabla hajaambiwa.

"Kaka," akasema, "ahadi ni ahadi. Nitamtia ndani."

Ami Seif akamkazia macho. "Umtie ndani leo? Baada ya haya? Ili mji useme tumemficha kwa aibu, tumekuwa watu wa kuficha watoto?" Akagonga bakora chini. "Wewe una kitwa kweli, una akili? Mtoto huyu hatoki skuli mpaka aseme Kizungu kisichokwama. Na akishakisema, asimame pale pale uani, na mimi nitakaa kiti kile kile, na nione atakayecheka." Akaondoka. Alipofika mwisho wa kichochoro mabega yake yakaanza kutikisika tena, na ikambidi asimame ashike ukuta.

Hivyo ndivyo nilivyopata kusoma, mashoga zangu, wala sikupata kwa akili zangu. Aibu iliyokuwa initoe skuli ndiyo iliyonirudisha. Bibi naye, tulipomsimulia yote, aliuliza jambo moja tu. "Je, yule bibi wa Kizungu alikuitikia?"

"Aliniitikia, Bibi. Kila mara."

"Basi yeye ana adabu," akasema. "Waliocheka ndio hawana."

Kwa hiyo redio yenu sijaikataa. Chombo kizuri, kitawasomea watoto mambo ambayo mimi sikuyajua mpaka nilipokuwa mtu mzima, na sauti yake ni safi. Lakini nimejiapiza, na nyinyi mtaniona mkaidi: darasani mwangu mimi, mtoto hataachwa peke yake na sauti isiyoweza kuulizwa swali. Itakapokuwa ikisema nitakuwa nimesimama pale pale mliponikuta leo, na atakayeinua mkono nitaizima nimsikilize yeye kwanza, hata kama aliye redioni ni mkubwa namna gani.

Nimalizie, maana kengele inakaribia. Jioni ile Baba hakula. Baada ya magharibi alikuja akakaa karibu nami, akawa anachezea kidole chake cha shahada, kile kile, anakitazama kama kidole cha mtu mwingine. Nikataka kumwambia kwamba mimi sikumkasirikia hata kidogo, kwamba wakati wote ule uani niliogopa mpaka aliponigusa, na aliponigusa sikuogopa tena, lakini nilikuwa mtoto na maneno hayo sikuwa nayo. Akaanza yeye.

"Mamangu," akasema, "samahani, kwa Kizungu, husemwaje?"

Nikatafuta kichwani, nikaipitisha sahani yote tangu gudi moning mpaka miliki, halikuwamo.

"Sijui, Baba," nikamwambia. "Kesho nitamuuliza Bi Zuhura."